Wasomaji Wanauliza: Pinboli ya Kujitengenezea Darasani

Katika toleo lililopita tulieleza jinsi wanafunzi wanavyoweza kuunda mashine ya pinboli kwa ubao, misumari, gololi na bodi ndogo ya elektroniki. Kwa asiyeijua, pinboli ni mchezo ambao gololi hurushwa juu ya meza iliyoinama, ikateremka huku ikigonga vizuizi vinavyoongeza pointi, na mchezaji huizuia isitumbukie kwa kuipiga na vibawa viwili vilivyopo mwisho wa meza. Barua zimetufikia kutoka Unguja na Pemba. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, na ya mwalimu wa Chake Chake tumeitanguliza kwa sababu tatizo lake litamkuta karibu kila atakayejaribu.

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika skuli ya sekondari hapa Chake Chake. Wanafunzi wangu wametengeneza meza kwa bodi ya Arduino Uno na gololi ya chuma iliyotolewa kwenye beringi kuukuu. Gololi ikipita juu ya vipande viwili vya shaba, saketi hufungika na pointi huongezeka. Lakini mara nyengine gololi hupita na hakuna kinachohesabiwa, na mara nyengine ikipita mara moja huhesabiwa tatu au nne. Tumebadilisha waya zote bila ya mafanikio. Je, bodi imeharibika?

Waalaykum salaam, Mwalimu. Bodi yenu ni nzima, na huenda hata waya mlizozibadilisha hazikuwa na kosa. Dalili mnazoziona ni mbili na sababu zake zinakwenda kinyume: programu yenu inachelewa pale gololi inapopita kwa kasi, na inafanya haraka kupita kiasi pale saketi inapotetemeka.

Tuanze na mwendo wa gololi, kwa kuwa hilo ni somo lenu wenyewe. Gololi inayobingirika haiongezi kasi sawa na kitu kinachoteleza, kwani sehemu ya nishati yake hutumika kuizungusha. Kwa gololi isiyo na uwazi ndani, mchapuko wake, yaani kiwango cha kuongezeka kwa kasi, ni tano ya saba ya ule wa kitu kinachoteleza bila ya msuguano. Katika meza iliyoinama nyuzi 6.5, ambayo ni pembe ya kawaida ya mashine za kisasa, mchapuko huo ni karibu mita 0.8 kwa sekunde kila sekunde. Gololi iliyoachiwa bila ya kusukumwa itauteremka urefu wa mita moja kwa sekunde 1.6 hivi, na itafika chini ikiwa na mwendo unaokaribia mita 1.3 kwa sekunde. Sasa chukueni rula mpime urefu ambao gololi inagusa vipande vyote viwili vya shaba kwa pamoja. Ikiwa ni sentimita moja, basi saketi yenu inafungika kwa milisekunde 8 (sehemu 8 za elfu za sekunde) tu, na gololi iliyopigwa na kibawa kwa nguvu itapita kwa muda mfupi zaidi ya huo.

Mkishaipata hesabu hiyo, fungueni programu yenu na mtafute amri ya delay, inayoiambia bodi isubiri. Wanafunzi wengi huitumia ili taa iwake nusu sekunde au kipaza kilie pointi inapopatikana, nayo inafanya kazi yake vizuri, ila katika nusu sekunde hiyo bodi haisomi pini yoyote (sehemu ya bodi inapounganishwa waya) wala haifanyi jengine lolote. Gololi inaweza kupita juu ya shaba nyengine mbili au tatu wakati bodi inasubiri taa izimike. Dawa yake ni kuiondoa kabisa amri hiyo ndani ya mzunguko mkuu wa programu. Badala yake, taa inapowashwa, programu iandike saa ya wakati huo kwa kutumia millis, amri inayotoa idadi ya milisekunde tangu bodi iwashwe, kisha kila inapozunguka iulize kama nusu sekunde imekwisha. Ikiwa bado, iendelee kusoma pini. Kuandika kwenye kioo cha kuonyeshea pointi nako huchukua milisekunde kadhaa, kwa hiyo kioo kiandikwe pale tu pointi zinapobadilika, si katika kila mzunguko.

Hiyo ndiyo sababu ya pointi zinazopotea. Zile zinazozidi zinatokana na tabia ya chuma kinapogusana na chuma. Gololi haitui juu ya shaba ikatulia. Inarukaruka kidogo mno, kiasi ambacho jicho halikioni, na saketi hufungika na kufunguka mara kadhaa ndani ya milisekunde chache. Bodi inayosoma pini maelfu ya mara kwa sekunde inaona kila mruko kama gololi mpya. Iamuruni programu kwamba ikishahesabu kwenye shaba moja, iipuuze shaba hiyo kwa milisekunde 100. Gololi haiwezi kuondoka na kurudi mahali pale pale kwa muda huo, kwa hiyo hamtapoteza pointi ya haki. Kila shaba iwe na saa yake, kwani mkizipa zote saa moja, shaba ya kwanza itaifungia ya pili.

Kabla ya kurekebisha chochote, nakushauri uwape wanafunzi programu fupi isiyohesabu pointi kabisa, bali inayochapisha kwenye kompyuta muda wa kila mguso. Waiachie gololi mara nyingi kutoka urefu tofauti na waandike namba wanazoziona. Wataona namba kama 7 au 9, na pembeni yake vijimuda vya chini ya milisekunde moja, ambavyo ndiyo ile mirukoruko. Mwanafunzi aliyeyaona hayo kwa macho yake hatahitaji kuaminishwa na mtu. Mimi nakiona kipindi hicho kimoja cha kupima kuwa na thamani kuliko mchezo wenyewe.

Lipo pia jambo la hewa yetu ya bahari. Shaba iliyokaa wiki chache huota kutu ya kijani na gololi ya chuma huota madoa, na gololi iliyotoka kwenye beringi huwa na utando wa girisi usiopitisha umeme. Shaba isuguliwe kwa msasa laini na gololi ifutwe kwa spiriti kabla ya kila kipindi. Wanaotumia gololi za kioo hawana njia ila kutumia mwanga, na hao wajihadhari na kile kipokea mwanga cha bei rahisi kiitwacho LDR, kwani huchukua makumi ya milisekunde kuitikia, na gololi ya milimita 16 itakuwa imeshapita. Fototransista, kipokea mwanga cha aina nyengine, inaitikia kwa haraka zaidi.

Ndugu Mhariri, mimi ni seremala Wete. Skuli ya jirani imeniomba niwatengenezee hilo sanduku la mchezo. Sijawahi kuliona. Naomba vipimo na aina ya mbao.

Mzee wangu fundi, meza za viwandani zina upana wa sentimita 51 hivi na urefu wa sentimita 107, kwa plaiwudi ya unene wa karibu milimita 13. Kwa darasa, upana wa sentimita 50 na urefu wa 80 unatosha na unapita mlangoni. Plaiwudi ya milimita 12 ni nzuri kwa uso, na kuta za pembeni zinaweza kuwa za ubao wowote mkavu ulionyooka. Hapana haja ya kuwatia gharama ya mninga. Ncha ya juu iinuliwe sentimita 9 kuliko ya chini ili kupata zile nyuzi 6.5, lakini miguu ya juu iwe ya bolti na nati ili mwalimu aweze kuongeza au kupunguza mwinamo, kwa sababu watataka kupima.

Plaiwudi ipakwe vanishi juu, chini na kwenye kingo zote. Ukipaka upande wa juu pekee, unyevu utaingia kwa chini na ubao utajikunja, na gololi itapinda njia bila ya sababu inayoonekana. Anayejua kutengeneza ubao wa keram ulionyooka ameshaujua uso unaotakiwa hapa, isipokuwa wachezaji wasimwage poda kama wafanyavyo kwenye keram, kwani itafunika vipande vya shaba. Misumari yote ipigwe baada ya kuipitisha gololi kwa mkono katika kila njia: palipo na nafasi ndogo kuliko gololi isiwe na bonde la kuitulizia, na palipo na njia pawe na nafasi ya milimita 4 au 5 zaidi ya kipenyo chake. Chini ya meza acha uwazi wa sentimita 10 angalau kwa ajili ya waya na koili za umeme zinazoendesha vibawa, na uso ufungwe kwa bawaba upande mmoja ili uweze kuinuliwa. Mtu atakayetafuta waya uliochomoka atakushukuru kwa bawaba hizo.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili, Mkokotoni. Nilinunua koili ya volti 12 yenye chuma kinachovutwa ndani, nikaiunganisha kwenye pini ya Arduino ili iendeshe kibawa. Haikuvuta. Nikaiongezea betri ya pikipiki, ikavuta mara chache, kisha bodi ikazima na mpaka leo haiwaki. Nimekosea wapi?

Mwanangu, umefika mahali ambapo wengi hufika, na kwa bahati mbaya bodi hiyo pengine haitarudi. Soma taratibu kabla ya kununua nyengine.

Pini moja ya Arduino Uno inafaa kutoa miliampia 20, na 40 ndiyo kikomo kisichopaswa kufikiwa. Pima koili yako kwa mita: ikiwa ukinzani wake ni omu 6, basi kwa volti 12 inataka ampia 2, yaani mara 100 ya kile ambacho pini inaweza kutoa kwa usalama. Ndiyo maana haikuvuta. Pini haipaswi kuilisha koili, inapaswa kutoa amri tu, na kazi ya kufungua njia ya umeme mkubwa hufanywa na transista. Itafute ya aina ya MOSFET inayofunguka kwa volti 5, kama vile IRLZ44N. Chanya ya betri inakwenda kwenye ncha moja ya koili. Ncha ya pili inakwenda kwenye mguu wa transista uitwao dreni. Mguu wa sosi unakwenda kwenye hasi ya betri. Na mguu wa geti unaunganishwa na pini ya bodi. Kati ya geti na hasi weka resista ya omu 10,000, ili koili isijivute yenyewe wakati bodi inapoanza kuwaka na pini zake bado hazijapewa amri. Hasi ya betri na hasi ya bodi ziunganishwe pamoja, vyenginevyo transista haitaielewa amri ya pini.

Kilichoiua bodi yako huenda ni koili ilipokuwa inazimwa. Umeme unapopita kwenye koili hujenga uga wa sumaku, na uga huo ni nishati iliyowekwa akiba. Ukikata umeme ghafla, nishati hiyo hutafuta njia ya kutoka na huzalisha volti makumi, hata mamia, kwa muda mfupi sana, zinazopenya kwenye kila kilichounganishwa nayo. Kinga yake ni diodi moja ya 1N4007 iliyowekwa sambamba na koili, upande wenye mstari ukielekea chanya. Wakati wa kawaida diodi haipitishi kitu. Koili inapozimwa, huupa umeme ule njia ya kuzunguka ndani ya koili yenyewe mpaka uishe. Diodi hiyo ni miongoni mwa vifaa vya bei ya chini kabisa katika duka la vipuri vya redio, na hupatikana pia kwenye redio na chaja mbovu. Usiwashe koili hata mara moja bila ya diodi hiyo.

Imebaki hatari ya joto. Koili ya ampia 2 kwa volti 12 inatumia wati 24, na karibu zote zinageuka joto pale kibawa kinaposhikiliwa juu. Mashine za viwandani kwa miaka mingi zilitatua jambo hili kwa kuipa koili ya kibawa mizunguko miwili ya waya, mmoja wa nguvu wa kupigia na mwengine dhaifu wa kushikilia, na swichi ndogo iliyokata ule wa nguvu mara kibawa kilipofika juu. Wewe unaweza kupata matokeo hayo hayo kwa programu: toa nguvu kamili kwa milisekunde 40 hivi, kisha shusha hadi robo kwa amri ya analogWrite, inayowasha na kuzima pini kwa haraka ili kupunguza nguvu, ukitumia mojawapo ya pini 3, 5, 6, 9, 10 au 11.

Karibu kabisa na ncha ya chanya ya betri weka fyuzi ya ampia 5. Betri ya pikipiki inaonekana ndogo, lakini waya zake zikigusana hutoa umeme wa kutosha kuyeyusha ganda la waya na kuunguza mkono. Elewa kwamba fyuzi hiyo inakinga waya zilizogusana tu. Haitaiokoa koili iliyosahauliwa ikiwa imewashwa, kwa sababu ampia 2 haziikati. Koili hiyo inaokolewa na programu yako, pamoja na mtu aliye tayari kuchomoa waya. Umeme wa ukutani wa volti 230 usiukaribie kabisa kwa kazi hii, na siku utakapounganisha betri, mwalimu wako awepo.

Ikiwa koili nyengine haipatikani, ile mota ndogo ya volti 12 ya kufungia milango ya gari inaweza kukisukuma kibawa, ingawa ni nzito kidogo kuitikia na itahitaji springi ya kuirejesha. Servo ndogo ya SG90, yaani mota inayogeuka hadi pembe unayoiamuru, huzunguka nyuzi 60 kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Itaweza gololi ya kioo ya milimita 16, yenye uzito wa gramu 5 hivi, lakini ya chuma ya ukubwa huo huo ina gramu 17 na itaishinda. Na kibawa cha mbao kinachovutwa kwa uzi na kurudishwa na mpira wa baiskeli ni kibawa kamili. Ningefurahi kuona darasa linaanza na hicho, na kuacha koili mpaka hesabu ya pointi ikae sawa.

Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mzazi, Mjini Unguja. Nimeambiwa na jamaa aliyeishi ng'ambo kwamba mashine hizi ni za kamari na ziliwahi kupigwa marufuku huko huko Marekani. Kwa nini watoto wetu wafundishwe kuzitengeneza?

Mama yetu, au baba yetu, jamaa yako amesema kweli, na wasiwasi wako tunauheshimu. Mchezo huu unatokana na bagatela, mchezo wa meza wa kusukuma gololi kwa fimbo, wa Ufaransa wa karne ya 18. Mwaka 1871 Montague Redgrave alipata hataza (haki ya mvumbuzi) nchini Marekani kwa mashine yenye springi ya kurushia gololi, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 zikaenea meza za kutumbukiza sarafu. Meza hizo hazikuwa na vibawa. Mchezaji alirusha gololi kisha akatazama itakapoangukia, na wenye maduka wengi walimlipa aliyebahatika. Jiji la New York lilizipiga marufuku mwaka 1942, wakati wa Meya Fiorello La Guardia, na nyingi zikavunjwavunjwa.

Lakini mwaka 1947 kampuni ya Gottlieb ya Chicago ilitoa mashine iitwayo Humpty Dumpty, iliyokuwa na vibawa vinavyoendeshwa kwa umeme, na kuanzia hapo mchezaji akawa na uwezo wa kuiongoza gololi. Mwaka 1976 Roger Sharpe alicheza mbele ya madiwani wa New York, akataja mapema njia ambayo gololi ingepita, na ikapita hapo. Marufuku ikaondolewa mwaka huo.

Kwa hiyo kamari ilikuwa katika sarafu na malipo, na ndiyo maana tunawasihi walimu wasiweke kabisa tundu la sarafu, wala kiingilio, wala zawadi kwa mwenye pointi nyingi, hata katika siku ya maonyesho ya skuli. Mashine ihesabu pointi tu. Suala la kisheria katika dini waulizwe wenye elimu hiyo mtaani kwako. Sisi hatuna mamlaka ya kulitolea hukumu. Na ukipata nafasi, nenda skuli siku wanapofanya kazi hii ujionee mwenyewe, kwani sehemu kubwa ya muda utawakuta wanapima, wanakata na kutafuta waya uliochomoka.

Mimi nafundisha Makunduchi, darasa lina wanafunzi sitini na bodi ni moja. Wachache wanafanya, waliobaki wanatazama. Nifanyeje?

Mwalimu, usiwape meza nzima. Likate darasa katika makundi, na kila kundi lipewe kipande cha plaiwudi cha sentimita 20 kwa 25, ambacho ndani yake watengeneze kizuizi kimoja chenye kitambuzi chake, kama vile vipande viwili vya shaba. Sharti liwe moja kwa wote: kila kipande kitoe waya mbili, nyeusi ya hasi na ya manjano ya ishara, mahali pale pale kwenye ukingo. Kipande kinaweza kujaribiwa kwa betri ndogo na taa moja, bila ya bodi, na kisipowasha taa hakiingii mezani. Ukitoa pini mbili za mawasiliano na kompyuta, mbili za kioo, mbili za koili na mbili za vitufe vya vibawa, Uno inabakiwa na pini 12, kwa hiyo makundi 12 ya wanafunzi watano watano yatapata kila moja pini yake. Meza moja haitabeba vipande vyote kwa mara moja. Vipokezane kila wiki. Kundi la kuandika programu nalo libadilishwe, na nakuomba hasa uangalie kwamba wasichana hawaachiwi kazi ya kupaka rangi peke yake.

Wenzangu wanaiinua meza kwa mikono ili gololi isitumbukie. Kuna njia ya kuwazuia? — Mwanafunzi, Mkoani.

Ipo, na ni ya tangu miaka ya 1930. Ning'iniza kipande cha chuma kwa waya mgumu wa shaba chini ya meza, na ncha ya chini ya chuma hicho ipite katikati ya pete ya shaba isiyoigusa. Waya uende kwenye hasi na pete iende kwenye pini ya bodi. Meza ikitikiswa kwa nguvu au kuinuliwa, chuma kitagusa pete, na programu ivizime vibawa mpaka gololi hiyo itumbukie, ndipo mchezo uendelee na gololi inayofuata. Ukikipandisha chuma juu kidogo au ukiipanua pete, meza itavumilia zaidi. Anza na nafasi ya milimita 5 kila upande, kisha mkubaliane wenyewe ni msukumo gani wa mkono unaoruhusiwa, maana kuigusa meza kidogo kwa ustadi kunakubalika katika mchezo huu.